Tetemeko la Mwezi

Tetemeko la Mwezi ni mtikisiko wa ghafla wa miamba ya Mwezi, unaolingana na tetemeko la ardhi (pia: zilizala) hapa Duniani. Mitikisiko ya namna hiyo imepimwa pia kwenye sayari ya Mirihi, na wataalamu wanaitarajia kwenye Zuhura, Utaridi na baadhi ya miezi ya barafu inayozunguka Mshtarii na Zohali.

Tofauti kubwa kati ya Dunia na Mwezi ni kwamba ganda la Dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea, ilhali ganda la Mwezi ni kipande kimoja. Duniani matetemeko mengi hutokea kwenye kingo za mabamba na kwenye mabonde ya ufa, kwa hiyo hatari hutegemea hasa mahali. Mwezini matetemeko mengi hufuata majira: mzunguko wa Mwezi kuizunguka Dunia, au mabadiliko ya joto kati ya mchana na usiku.

Mfano wa karibu wa upande wa Dunia ni magharibi mwa Tanzania. Mji wa Tabora uko juu ya mwamba mkongwe na imara, lakini njia ya zamani ya misafara iliyopita mjini hapo ilivuka pia matawi yote mawili ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambako ardhi hutikisika mara kwa mara.

Jinsi tetemeko linavyotokea

Miamba inaposukumwa au kuvutwa kwa muda mrefu hujikunja kidogo na kutunza nishati, kama upinde unaovutwa. Nguvu ikizidi uwezo wa mwamba, mwamba hukatika au huteleza ghafla kwenye mpasuko wa zamani. Nishati iliyotunzwa hutoka kwa njia ya joto na mawimbi yanayosambaa pande zote. Mahali mteleko unapoanzia chini ya ardhi huitwa kitovu cha tetemeko.

Mawimbi yanayopita ndani ya miamba ni ya aina kuu mbili. Mawimbi ya P husukuma na kuvuta miamba kuelekea upande yanakokwenda, nayo hufika kwanza. Mawimbi ya S hutikisa miamba kwa kukingama na mwendo wake, nayo hufika baadaye. Mawimbi ya S hayapiti ndani ya kimiminika. Kwa sababu hiyo wataalamu waliweza kutambua kwamba sehemu ya nje ya kiini cha Dunia ni ya kimiminika. Mawimbi hayo hupimwa kwa seismometa. Muda unaopita kati ya kufika kwa P na kufika kwa S huonyesha umbali wa tetemeko, na vituo vitatu au zaidi vikilinganishwa, mahali pake hujulikana.

Ukubwa wa tetemeko hutajwa kwa namba ya kipimo. Kila namba moja inayoongezeka ina maana ya nishati kubwa zaidi takribani mara 32. Tetemeko la 7 lina nishati ya mara 1,000 hivi kuliko lile la 5.

Matetemeko ya ardhi kwenye njia ya misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita milima ya Usagara, Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora katika nchi ya Unyanyembe. Wageni wa wakati ule waliijua sehemu hiyo pia kwa jina la Kazeh. Kutoka Tabora tawi moja lilielekea magharibi, likavuka mto Malagarasi, likapita kwenye chumvi ya Uvinza na kuishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Jina lao mara nyingi huelezwa kuwa lilitoka kwa watu wa pwani, kwa maana ya watu wa upande wa magharibi, ambako mwezi mwandamo huonekana.

Msafiri aliyetoka pwani alikutana na tawi la mashariki la Bonde la Ufa huko Ugogo. Uwanda wa Bahi ni sehemu iliyoshuka, na ukingo wake wa magharibi ni genge la Kilimatinde. Misafara ilipanda genge hilo kabla ya kuingia pori lenye shida ya maji lililoitwa Mgunda Mkali. Reli ya Kati nayo hupanda genge hilohilo kuanzia karibu na kituo cha Saranda.

Baada ya kupanda, nchi huwa tambarare kwa mamia ya kilomita. Hapo ndipo ilipo Kratoni ya Tanzania, yaani sehemu ya ganda la Dunia iliyotulia tangu zamani sana. Miamba yake mingi ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Tabora iko kwenye uwanda huo, kwenye kimo cha takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1994 na 1995 seismometa zilisimikwa kwa muda katika sehemu mbalimbali za Tanzania. Vipimo vyake vilionyesha kwamba chini ya kratoni kuna mzizi wa miamba migumu na baridi unaoshuka hadi kina cha takribani kilomita 200. Bonde la Ufa halikuupasua mzizi huo katikati, bali liligawanyika na kuuzunguka kwa mashariki na kwa magharibi. Kratoni na maeneo yanayoizunguka hutazamwa na wataalamu wengi kama bamba dogo, linaloitwa bamba la Viktoria, ambalo huzunguka polepole kinyume cha mwendo wa mishale ya saa.

Upande wa magharibi nchi hushuka hadi Ziwa Tanganyika, lililo kwenye kimo cha takribani mita 770. Ziwa hilo lina kina cha hadi mita 1,470, kwa hiyo sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari. Hili ni tawi la magharibi la Bonde la Ufa, linaloendelea kusini hadi Rukwa na Ziwa Nyasa. Pande zake mbili huachana kwa milimita chache kwa mwaka.

Kati ya matetemeko yanayojulikana katika eneo hili na jirani zake ni haya:
- Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa takribani 7.4 lilitokea katika eneo la Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika. Ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika Afrika Mashariki. Wakati huo Reli ya Kati ilikuwa haijafika Tabora; ilifika mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914.
- Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Nyumba zilibomoka mjini Kalemie upande wa Kongo, watu walipoteza maisha, na mtikisiko ulisikika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki.
- Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilikuwa kati ya majengo yaliyoharibika vibaya.

Tetemeko la Kagera lilitokea kwenye kina cha takribani kilomita 40 na mbali na mstari mkuu wa Bonde la Ufa. Linaonyesha kwamba ukingo wa bamba si mstari mwembamba kama ulivyochorwa kwenye ramani. Nguvu zinazolisukuma bamba huweza kufungua mipasuko ya zamani hata mahali panapodhaniwa kuwa pametulia.

Utulivu wa Tabora pia si ukimya kamili. Kwa mstari ulionyooka Ujiji iko takribani kilomita 350 kutoka Tabora. Richard Burton na John Speke waliondoka Kazeh Desemba 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Mawimbi ya P yaendayo kwa kasi ya takribani kilomita 8 kwa sekunde huupita umbali huo kwa chini ya dakika moja. Tena miamba migumu na baridi ya kratoni haipunguzi mawimbi haraka kama miamba yenye joto iliyo chini ya Bonde la Ufa. Hivyo kratoni yenyewe huzaa matetemeko machache, lakini hupitisha vizuri yale yanayotokea kwenye kingo zake.

Historia ya upimaji Mwezini

Seismometa ya kwanza Mwezini iliwekwa na wanaanga wa Apollo 11 mwezi Julai 1969. Ilifanya kazi kwa wiki tatu hivi. Baadaye wanaanga wa Apollo 12, 14, 15 na 16 waliacha vituo vinne vilivyofanya kazi kama mtandao mmoja hadi tarehe 30 Septemba 1977, vilipozimwa. Katika miaka hiyo vilinasa matukio zaidi ya 12,000.

Ili kupata mtikisiko ambao mahali, wakati na nguvu zake vilijulikana tangu mwanzo, NASA iliangusha Mwezini kwa makusudi vipande vya roketi na vyombo vilivyokwisha kazi yake. Chombo cha Apollo 12 kilipoangushwa tarehe 20 Novemba 1969, seismometa iliendelea kuonyesha mtikisiko kwa karibu saa moja. Kipande cha roketi ya Apollo 13 kilichoanguka Aprili 1970 kilileta mtikisiko wa zaidi ya saa tatu. Hakuna aliyetazamia matokeo hayo, kwa sababu Duniani mtikisiko wa kishindo cha namna hiyo ungetulia katika dakika chache.

Baada ya 1977 hapakuwa na seismometa iliyofanya kazi kwenye uso wa Mwezi kwa miongo mingi. Chombo cha India, Chandrayaan-3, kilichotua karibu na ncha ya kusini tarehe 23 Agosti 2023, kilibeba kifaa cha kupima mitetemo na kunasa matukio kadhaa katika siku zake chache za kazi.

Data za Apollo bado zinatumika. Mwaka 2011 uchambuzi mpya wa kumbukumbu zake ulionyesha dalili za kiini chenye sehemu mango katikati na sehemu ya kimiminika kuizunguka.

Aina za matetemeko ya Mwezi

Wataalamu hutofautisha aina nne:

1. Matetemeko ya kina kirefu. Hutokea takribani kilomita 700 hadi 1,200 chini ya uso. Ndiyo mengi zaidi. Zaidi ya 7,000 yametambuliwa. Ni madogo sana, na mtu aliyesimama Mwezini asingeweza kuyahisi. Hutokea kwenye vitovu vilevile tena na tena, na kila kitovu huamka kwa kufuata mzunguko wa siku 27 hivi. Sababu yake ni mvutano wa Dunia. Umbali wa Mwezi hubadilika kati ya kilomita 363,000 na 405,000 hivi, kwa hiyo miamba yake huvutwa kwa nguvu zaidi, kisha hulegezwa, kila mwezi. Ni nguvu ileile inayoleta maji kujaa na kupwa pwani ya Bagamoyo, lakini Mwezini hufanya kazi ndani ya mwamba.

2. Matetemeko ya karibu na uso. Ni 28 tu yaliyopimwa katika miaka ya Apollo, lakini ndiyo makubwa kuliko yote. Baadhi yalifikia ukubwa wa 5 au kuzidi kidogo. Hayafuati ratiba ya mvutano wa Dunia kwa uwazi. Sababu moja inayotajwa ni kusinyaa kwa Mwezi. Ndani yake hupoa polepole, nao umesinyaa kwa takribani mita 50 katika miaka milioni mia kadhaa iliyopita. Ganda lisilo na nafasi ya kusogea hubanana, hukatika na kipande kimoja hupanda juu ya kingine. Picha za setilaiti ya Lunar Reconnaissance Orbiter, iliyorushwa 2009, zimeonyesha maelfu ya magenge madogo yaliyotokea kwa njia hiyo. Utafiti uliotolewa 2019 uliona kwamba vitovu vya matetemeko 8 kati ya hayo 28 vilikuwa ndani ya kilomita 30 kutoka kwenye magenge ya namna hiyo.

3. Matetemeko ya joto. Mchana wa Mwezi hudumu takribani wiki mbili za Dunia, na joto hufika karibu sentigredi 120. Usiku hudumu vilevile, na baridi huwa chini ya sentigredi -130. Mawe hupanuka jua linapochomoza na kusinyaa linapotua, yakatoa mitetemo midogo kila siku ya Mwezi.

4. Vishindo vya vimondo. Mwezi hauna angahewa ya kuunguza vimondo kabla havijafika chini. Mtandao wa Apollo ulinasa zaidi ya vishindo 1,700. Hivi havihesabiwi kuwa matetemeko kwa maana kamili, lakini mawimbi yake yametumika kuchunguza tabaka za ndani.

Muda wa mtikisiko

Katika tetemeko kubwa la ardhi mtikisiko mkali kwa kawaida hudumu sekunde kadhaa hadi dakika moja au mbili. Tetemeko la karibu na uso wa Mwezi huweza kutikisa kwa zaidi ya dakika 10, na seismometa huendelea kuonyesha mitetemo dhaifu kwa muda mrefu zaidi.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni ukavu. Miamba ya Dunia ina maji katika nyufa na vinyweleo vyake, na maji husaidia kugeuza nguvu ya mawimbi kuwa joto. Miamba ya Mwezi ni mikavu mno, kwa hiyo mawimbi hayachoki haraka. Ya pili ni kuvunjikavunjika kwa ganda la juu. Vimondo vimelipiga kwa miaka bilioni nyingi, hata limejaa vipande na nyufa. Mawimbi hugonga vipande hivyo, hurudishwa huku na huku, na kufika kwenye kipimo kwa njia nyingi na nyakati tofauti. Mwanzo wa tetemeko huwa wa polepole, na mwisho wake huwa mrefu.

Ukavu huo hauko Tabora. Kratoni hupitisha mawimbi kwa urahisi kuliko Bonde la Ufa, lakini hata mwamba wake una maji, nao hutuliza mawimbi mapema kuliko mwamba wa Mwezi.

Mirihi

Jaribio la kwanza kwenye Mirihi lilifanywa na vyombo viwili vya Viking mwaka 1976. Seismometa ya Viking 1 haikufunguka. Ile ya Viking 2 ilifanya kazi, lakini ilikuwa juu ya chombo chenyewe, ikapima zaidi mtikisiko wa upepo.

Chombo cha InSight kilitua kwenye uwanda wa Elysium Planitia tarehe 26 Novemba 2018. Mkono wake uliweka seismometa moja kwa moja juu ya udongo na kuifunika kwa kinga ya upepo na joto. Tetemeko la kwanza la Mirihi lilinaswa tarehe 6 Aprili 2019. Hadi kazi ilipokoma Desemba 2022, vumbi lilipofunika paneli zake za jua, zaidi ya matetemeko 1,300 yalikuwa yamepimwa. Kubwa kuliko yote lilitokea tarehe 4 Mei 2022, likiwa na ukubwa wa 4.7, mitetemo yake ilionekana kwa zaidi ya saa sita.

Mirihi nayo ina ganda lisilogawanyika katika mabamba. Hata hivyo mengi ya matetemeko yake ambayo mahali pake palitambuliwa yalitoka sehemu moja, kwenye nyufa za Cerberus Fossae, ambako volkeno zilitema lava katika nyakati za karibuni kwa hesabu ya jiolojia. Kwa hiyo ganda la kipande kimoja halimaanishi kwamba kila mahali pako sawa: joto linalobaki chini ya sehemu moja hutosha kuipasua.

Tarehe 24 Desemba 2021 InSight ilipima mtikisiko wa ukubwa wa 4 hivi. Baadaye picha za setilaiti zilionyesha kasoko mpya yenye upana wa mita 150 na barafu iliyorushwa kutoka chini ya udongo: chanzo kilikuwa kimondo.

Zuhura, Utaridi na miezi ya barafu

Zuhura inakaribiana na Dunia kwa ukubwa, lakini joto la uso wake ni takribani sentigredi 460 na kanieneo ya angahewa yake ni mara 90 hivi ya ile ya Dunia. Vyombo vya Kisovyeti Venera 13 na Venera 14 vilibeba vifaa vya kupima mitetemo mwaka 1982, lakini vilidumu kwa muda mfupi tu. Utaridi una magenge makubwa yanayoonyesha kwamba umesinyaa kama Mwezi, tena zaidi. Hakuna seismometa iliyowahi kutua huko.

Europa, mwezi wa Mshtarii, na Enceladus, mwezi wa Zohali, ina ganda la barafu juu ya bahari. Mvutano wa sayari zao huyakunja maganda hayo katika kila mzunguko, kwa hiyo inatarajiwa kwamba barafu hupasuka na kutetemeka. Chombo cha Dragonfly cha NASA, kilichopangwa kurushwa 2028 kuelekea Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, kimepangiwa kubeba seismometa.

Ulinganisho

| | Magharibi mwa Tanzania | Mwezi | Mirihi |
|---|---|---|---|
| Hali ya ganda | Bamba linaloachana na majirani zake kwenye Bonde la Ufa | Kipande kimoja | Kipande kimoja |
| Chanzo kikuu | Kupanuka kwa Bonde la Ufa | Mvutano wa Dunia, kusinyaa, joto la jua, vimondo | Kupoa kwa sayari, joto la volkeno, vimondo |
| Kina | Kwa kawaida kisichozidi kilomita 40 hivi | Kutoka juu hadi kilomita 1,200 hivi | Hasa ndani ya ganda la juu |
| Kubwa lililopimwa | 7.4 hivi (1910) | 5 na kidogo zaidi | 4.7 (2022) |
| Muda wa mtikisiko | Sekunde hadi dakika chache | Dakika 10 au zaidi, hadi saa kadhaa kwenye vipimo | Dakika nyingi hadi saa kadhaa kwenye vipimo |

Kwa hesabu ya nishati, tetemeko la 1910 lilikuwa na nguvu mara mia kadhaa kuliko makubwa ya Mwezini. Dunia bado ina joto jingi ndani, na joto hilo husogeza mabamba. Mwezi ni mdogo na umepoa zaidi. Lakini miaka minane ya vipimo ni kipindi kifupi, na vituo vyote vya Apollo vilikuwa upande unaoitazama Dunia. Orodha iliyopo si kamili.

Athari kwa majengo

Vifo vingi vya matetemeko ya ardhi husababishwa na majengo yanayoanguka. Katika Kagera mwaka 2016 zilizoumia zaidi ni nyumba za udongo na za matofali yasiyofungwa kwa nondo na mkanda wa zege. Hali hiyohiyo iko katika miji na vijiji vya Kigoma, Ujiji na Rukwa, vilivyo karibu na mipasuko mikubwa kuliko Bukoba. Udongo laini wa kando ya ziwa huongeza mtikisiko ukilinganishwa na mwamba.

Nyumba ya asili ya sehemu nyingi za njia ya misafara ilikuwa tembe, yenye kuta nene za udongo na paa la bapa lililofunikwa udongo. Mfano unaojulikana uko Kwihara karibu na Tabora, mahali walipokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley mwaka 1872. Paa la udongo huzuia joto vizuri, lakini katika tetemeko huwa ni tungamo kubwa lililo juu ya kuta: ardhi ikisogea ghafla, paa hubaki nyuma na kuzisukuma kuta. Juu ya kratoni hatari hiyo ni ndogo, kandokando ya Ziwa Tanganyika ni kubwa.

Suala hilo hurudi katika mipango ya makazi ya Mwezini. Ili kuwakinga watu na mnururisho na vimondo vidogo, wahandisi wengi hupendekeza kuyafunika makazi kwa udongo wa Mwezi. Uzito wa udongo huo ungekuwa sehemu moja kwa sita tu ya uzito wake Duniani, lakini tungamo lake halipungui. Likitikiswa kwa upande, hukataa kusogea kama lingekuwa Duniani. Tena mtikisiko wa dakika 10 huchosha viungio kuliko mtikisiko wa sekunde 20 wenye nguvu ileile. Mahali makazi yatakapovuja hewa, wakazi hawana nafasi ya kutoka nje kusubiri kama watu wa Bukoba walivyofanya.

Kwa sababu hiyo matetemeko ya karibu na uso ndiyo yanayochunguzwa zaidi. Magenge ya kusinyaa yameonekana pia karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, ambako Marekani na China zinapanga kupeleka watu na vyombo. Nchi zote mbili zina mipango ya kuweka seismometa mpya huko.

Kwa upande wa Dunia, bado hakuna njia ya kutabiri siku ya tetemeko. Linalowezekana ni kujua mahali penye hatari na kujenga kwa kuizingatia. Mwezini ratiba ya matetemeko ya kina kirefu inajulikana, lakini hayo hayana madhara. Makubwa ya karibu na uso hayana ratiba iliyotambuliwa, na ramani ya mahali yanapotokea ndiyo kwanza inachorwa.